Vifaranga Kumi na Mmoja

Nilikuwa mtoto wa darasa la nne, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipokatazwa kuhesabu vifaranga. Nyumbani kwetu Kimulot, kitu chenye uhai hakikuhesabiwa. Mzee akiulizwa ana watoto wangapi, alitaja majina yao mpaka akamaliza. Ng'ombe walitajwa kwa rangi. Anayehesabu anaita kifo, ndivyo tulivyoambiwa, na Kogo, yaani nyanya yetu, hakuwahi kutueleza kwa nini. Alisema tu, kama mtu anavyosema kwamba moto unachoma.

Wiki hiyo Mama aliitwa Kaplong kumuuguza dada yake. Kabla ya kuondoka alinipeleka kwenye kibanda nyuma ya jikoni, ambako kuku wake mweusi alikuwa amewafunika vifaranga wa siku tatu.

"Hawa nakuachia wewe, si Chebet," alisema. Chebet ni dada yangu mkubwa, na hilo pekee lilinifanya nijione mtu mzima. "Maji kila asubuhi. Chini pawe pakavu. Nikirudi nataka niwakute wote."

Wote. Alipopotelea nyuma ya mashamba ya chai nilibaki na neno hilo. Ningejuaje kwamba ni wote bila kuhesabu? Basi nikahesabu. Kumi na mmoja.

Kazi yenyewe ilinichosha roho. Nilitoboa mkebe wa mafuta ya kupikia kwa msumari karibu na mdomo, nikaujaza maji, nikaufunika kwa sahani na kugeuza vyote pamoja, ili maji yatoke kidogo kidogo. Kuku mama aliuangusha siku ya kwanza. Siku ya pili aliuchakuria uchafu, na siku ya tatu akauangusha tena. Maranda ya kutandika niliyaomba kwa seremala wa pale senta, nikayabeba kichwani kwenye gunia, na mvua ya saa nane ikanikuta njiani. Kimulot hakuna kitu kinachokauka upesi. Niliyaanika jikoni kando ya moto, Kogo akilalamika kwamba nimemziba njia. Yalipokauka niliyamwaga kibandani juu ya yale yaliyolowa, nikayasawazisha kwa kiganja. Juu palikuwa pakavu na peupe. Nilijivunia.

Kila asubuhi nilihesabu kwa sauti, kisha nikaandika jibu kwa mkaa kwenye mlango wa kibanda.

"Mwalimu wa hesabu," Chebet aliniita, "leo jibu ni ngapi?"

"Kumi na mmoja."

Kogo alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Wewe! Nani amekufundisha kuhesabu vitu vinavyopumua?"

"Mama alisema anataka kuwakuta wote."

"Kwani wote ni hesabu? Mimi nimezaa, na sijawahi kuhesabu. Waangalie. Mwangalie huyu, mwangalie na yule."

"Sasa mmoja akipotea nitajuaje, Kogo?"

"Ukiwajua, utajua."

Alifuta maandishi yangu kwa pindo la shuka lake. Tangu siku hiyo nikawa nahesabu kimoyomoyo.

Asubuhi moja walikuwa kumi na mmoja, nikaenda shule. Niliporudi, Chebet alikuwa ananingoja langoni. "Mwalimu," alisema, "toa mbili." Nilimrushia mkoba wa vitabu. Kesho yake walikufa wengine watatu, wamejikunja, kinyesi chao kina damu. Mama aliporudi wiki iliyofuata, wanne tu ndio walikuwa wanakimbia nyuma ya kuku mweusi.

"Nilisema," Kogo alisema. Neno moja tu, na lilinikera kuliko viboko.

Mama hakuuliza wamekufa wangapi. Alichukua jembe akafunua maranda. Huko chini yalikuwa meusi na yenye joto, na harufu yake ilituchoma macho.

"Huku uliwahi kufunua?"

"Juu palikuwa pakavu, Mama."

"Kifaranga hafi ghafla hivyo. Kwanza anashusha mabawa, anasimama peke yake. Hukuona?"

"Nilihesabu. Walikuwa wote."

Mama alinitazama, kisha akaendelea kuyatoa maranda.

Chuo kikuu nilikuja kusoma kuhusu ugonjwa ule. Ni kimelea kinachokomaa katika matandiko yenye unyevu, na namba niliyoiandika mlangoni haikukisaidia kuua hata kidogo. Nilimkasirikia Kogo upya, ingawa wakati huo alikuwa amekwisha kufa. Kwa nini ulimzuia mtoto kuhesabu, ukaacha kumwambia afunue maranda? Bado namkasirikia. Lakini najua pia kwamba asubuhi ile, jibu langu likiwa sahihi kabisa, wawili walikuwa tayari wanakufa mbele ya macho yangu.

Mwaka jana mke wangu, Chelangat, aliugua. Niliandika kila kitu: joto la mwili, idadi ya vidonge, saa alizolala. Daktari aliusifu utaratibu wangu. Siku moja dada yake alikuja kutoka Sigor, akaketi mbele yake kwa muda wa kunywa chai, akamuuliza, "Tangu lini hunyanyui kikombe kwa mkono wa kulia?"

Chelangat alitabasamu, akanitazama mimi. Nililala kando yake kila usiku, na mkono ule sikuuandika popote. Madaktari wanasema kuuona mapema kusingebadilisha kitu. Huenda ni kweli.

Tulimzika, na kuku wake ameniachia mimi. Kila asubuhi namwaga maji ya jana, naingiza mkono chini kabisa ya maranda, kisha nasimama pale kwa muda. Juzi binti yetu alipiga simu.

"Baba, kuku wa Mama wamebaki wangapi?"

"Sijawahesabu. Yule mwekundu ameanza kuatamia. Mweupe tangu jana anasimama peke yake, nimemtenga."

"Na wewe, Baba, unakula?"

Nilitazama mezani. Sahani ya jana ilikuwa bado imefunikwa.