Balqees na Bastola Nyepesi

Mara ya kwanza Shihab kufanya biashara na Balqees, alishindwa, na ladha ya kushindwa hakuipenda.

Alikuwa na duka la khanjari, yale majambia ya fedha ya Kiomani, na mavazi ya maharusi katika soko la Sib, pembeni ya Maskati. Balqees akaingia na kofia za kushona kwa mkono, kazifunga ndani ya khanga kuukuu ya mama yake. Shihab akazigeuza ndani nje, akatafuta uzi uliolegea, asiuone. Basi akataja bei ya kumvunja mtu moyo. Mwanamke yule hakulalamika, hakuapa, hakusema ana watoto wa kulisha. Alianza tu kuzikunja kofia zake taratibu, moja juu ya nyengine, kama mtu aliyekwisha maliza maneno. Hajaifikia ya mwisho, Shihab alikuwa ameshapandisha bei mwenyewe bila ya kuulizwa.

Toka siku hiyo akamweka katika hesabu ya watu.

Asubuhi Balqees alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati ya meno, jioni alishona. Ijumaa alikuwa mtu mwengine. Kaka yake Anas ndiye aliyejiunga na klabu ya shabaha, kwenye bonde kavu nje ya Sib, na gari lake bovu likamfanya Balqees awe dereva. Baada ya muda Anas alichoka na kelele za risasi, akarudi kwenye mpira wake. Dereva akabaki. Na mchezo wenyewe si wa kusimama kama sanamu na kufumba jicho. Mtu anaichomoa bastola kiunoni, anakimbia kutoka kizuizi hadi kizuizi, anapiga karatasi na sahani za chuma, na saa inamhesabia. Anayekosa na anayechelewa wote wanalia mlango mmoja.

Mwaka huu klabu ilikuwa inapeleka timu ya wanawake kwenye mashindano ya Ghuba, na nafasi moja tu ilikuwa imebaki. Waliigombania Balqees na Ghadeer, mwalimu wa michezo mwenye mabega ya muogeleaji. Ghadeer alikuwa na bastola ya klabu iliyomzoea. Ile ya Balqees ilikuwa nzee, imeanza kukwama, na kamati ikaamua anunuliwe mpya kabla ya mchujo. Silaha zote ni mali ya klabu, kwa kibali, na hulala ghalani kwake. Kazi ya kununua akapewa Shihab, naye mjumbe wa kamati hiyo, kwani nani katika kamati anajua kununua kama yeye?

Akenda kwa Nasr, muuza silaha mwenye leseni, aliyezaliwa Bujumbura. Kwanza wakataniana kama desturi: Shihab, mtu wa Unguja kwa asili, akakicheka Kiswahili cha Nasr, Nasr akasema watu wa Unguja wanaongea kama wanaoimba kwa kuogopa kulipa. Kisha zikawekwa bastola mbili juu ya meza. Moja ya chuma kitupu, inang'aa. Ya pili fremu yake ya polima, ile plastiki ngumu, nyeusi, haina mvuto. Shihab akazipima kwa kiganja. Ya chuma ilikaa mkononi kama khanjari ya mtu mkubwa. Ile nyengine ilikuwa kama rimoti ya televisheni. Maisha yake yote amenunua fedha kwa mizani, na katika fedha kizito ndicho chenye thamani. Akaishusha bei ya ile ya chuma mpaka Nasr akashika kichwa, akadai na ala ya kiunoni juu yake, akapewa, akampa mkono.

Kwa furaha ya ile ala alisahau neno ambalo halikuwahi kumtoka akilini dukani kwake. Hakusema "kwa khiyari", yaani nikikuta kasoro nnarudisha. Mkono ulitolewa mtupu.

Ijumaa ya mchujo Nasr alikuja uwanjani na bastola zote mbili. Shihab akamuuliza ya plastiki ya nini. Nasr akaelekeza kidevu kwa Balqees: yeye ndiye aliyempigia simu, akataka zije zote mbili.

Ghadeer alikwisha piga, na alama yake ubaoni ilikuwa ya kutisha. Khattab, nahodha wa klabu, akampa Balqees nafasi ya kujaribu kwanza. Akaanza na ya chuma. Uzito wake uliumeza mshindo; iliruka kidogo tu. Lakini matundu yote yalikwenda kushoto, kwa sababu mpini mnene ulikifanya kidole chake kiifikie triga kwa ncha tu, na kila akivuta, anaisukuma bastola kando. Akashika ya polima. Hiyo ilirusha teke kama punda, na matundu yakatawanyika.

Shihab akafurahi. "Umeona mwanangu? Hicho kichezeo. Kikianguka kitadunda kama mpira."

"Ami Shihab, mimi hii sendi kuivaa harusini."

Nasr akacheka mpaka Khattab akamtazama. Balqees akamwomba Nasr kipande chembamba cha mgongo wa mpini, maana zile za polima huja na vipande vya kubadilisha kwa mikono tafauti. Kikabadilishwa. Alipopiga tena, teke lilikuwa lilelile, ila matundu yalikaa pamoja, katikati.

Hapo upepo wa bondeni ukaangusha shabaha. Khattab akasimamisha upigaji, na sheria ya uwanja haina huruma: watu wakiwa mbele, hakuna anayegusa silaha. Bastola mbili zikalala mezani, tupu, juani, watu wakipigilia mbao upya. Na jua la Maskati halina mgeni.

Kazi ilipokwisha, Khattab akamtaka Balqees achague moja. Badala ya kujibu, akaomba ruhusa Shihab aishike ile ya chuma. Shihab akaikamata mpini barabara, kama mwenye mali. Aliishikilia kidogo kwa kiburi, kisha akaiweka chini upesi na kukificha mfukoni kiganja kilichoungua.

"Nchi za Ghuba zote zina jua, ami," Balqees akasema, akachukua nyeusi.

King'ora cha saa kikalia. Aliichomoa kabla Shihab hajamaliza kupumua. Karatasi, karatasi, akakimbia, vumbi likamfuata. Sahani ya kwanza ikalia na kuanguka. Kwenye kizuizi cha mwisho akabadilisha magazini ya risasi huku miguu inakwenda, na Shihab, ambaye alikuja kutetea chuma, akajikuta amesimama na ngumi hewani. Sahani ya mwisho ikakataa. Risasi ikapita pembeni. Akavuta tena, bila haraka, na sahani ikalala.

Khattab alihesabu, akahesabu tena. Balqees alikuwa amempita Ghadeer kwa unywele. Akatangaza kwamba klabu itachukua bastola iliyoshinda.

Nasr akajikohoza. "Mkono ni mkono, sheikh. Mimi nilishauza ya chuma."

Shihab alijua hana pa kushika. Akivunja mkono, soko zima la Sib litasikia kabla ya adhuhuri. Asipouvunja, Balqees atakwenda mashindanoni na bastola isiyomtosha. Wakajitenga nyuma ya gari na kuvutana. Ikatoka kwamba Nasr anamwoza mtoto wake wa kiume, na alikuwa ameitamani khanjari moja ya mpini wa pembe ambayo Shihab hakutaka kuipunguza bei hata kidogo. Sasa aliipunguza. Kila Shihab alipofungua kinywa, Nasr aliitazama ile bastola ya chuma kwa mapenzi makubwa.

Nasr akaichukua tena bastola ya chuma, akaiacha nyeusi, akaipata khanjari kwa bei aliyoitaja yeye, na ile ala ya bure hakuitoa tena. Balqees akenda mashindanoni, akarudi bila ya medali lakini juu ya nusu ya waliokwenda, na akaanza kutaka magazini za ziada. Shihab alipoteza faida ya khanjari bora aliyokuwa nayo. Katika kikao kilichofuata kamati ilimwondolea kazi ya kununua silaha, ikampa Balqees. Hakubisha. Kazi ile haikuwa na mshahara, na Ijumaa soko la Sib hujaa wateja.