Rehani ya Bosi

Mtaani walimwita Bosi, na jina lilimwingia kichwani. Kazi yake ilikuwa kunyoa, kwa mashine ambayo hata haikuwa yake. Lakini mteja akishuka tu kwenye kiti, Bosi humwuliza, "Unakunywa nini, kaka?" Ndiyo, mnyoaji ndiye anayemnunulia mnyolewaji! Akilipwa cha kichwa kimoja, anatoa soda mbili. Jamani, biashara gani hiyo?

Alikuwa na simu ya kulipia kidogo kidogo, viatu vya kulipia kidogo kidogo, na manukato ambayo muuzaji alishakata tamaa ya kuyadai. Alikopa huku akalipe kule. Kule wakimbana, anakopa kwingine. Hakuwa mwizi, tusimsingizie. Alipenda tu kuonekana anazo.

Siku moja mkopeshaji alichoshwa na ahadi, akataka rehani. "Weka hiyo simu." Bosi alishtuka utadhani ameambiwa avue nguo sokoni. Simu? Watu wangemwonaje? Akaweka cherehani ya mama yake, bila mama kujua.

Cherehani hiyo ndiyo iliyomsomesha. Mama yake, mjane, aliwashonea sare za shule watoto wa mtaa mzima, na humo humo ndimo ilimotoka kodi ya vyumba vyao viwili, kodi ambayo kila mwezi Bosi aliahidi kuanza kuichangia mwezi ujao. Siku ya kulipa deni ikafika, Bosi hana hata senti. Mkopeshaji akaja na mkokoteni.

"Ni fundi, mama," Bosi akawahi kusema. "Naona inakwamakwama, nataka ikatengenezwe."

Mama wa watu akafurahi mpaka machozi yakamlenga. Aliifunika cherehani kwa shuka safi, akamletea mgeni maji ya kunywa. Mkopeshaji aliyanywa akiangalia chini.

"Itarudi lini, baba?"

"Muulize mwanao."

"Ijumaa!" Bosi akadakia.

Mama akaingia ndani, akatoka na noti zilizofungwa kwenye leso. "Haya, za fundi hizi. Usibebe kila kitu peke yako, mwanangu." Bosi akazipokea. Mkopeshaji alimtazama, akaguna, akasukuma mkokoteni wake.

Ijumaa mama alifagia pale mahali pa cherehani, akaweka kiti, akapanga vitambaa alivyokwisha kukata. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu na wazazi walishalipa. Akakaa kusubiri. Bosi naye akakaa mlangoni mpaka uongo ukamshinda.

"Mama, haiko kwa fundi. Niliiweka rehani. Wameichukua."

Alijiandaa kwa kofi, kilio, laana. Mama akaweka mikono juu ya vitambaa.

"Na zile nilizokupa, angalau zimepunguza deni?"

Zilikuwa zimekwisha jioni ile ile. Aibu ilimchoma, na safari hii hapakuwa na wa kumkopesha uso mwingine.

"Basi inuka," mama akasema. "Pita nyumba kwa nyumba uwaambie wazazi sare hazipo. Na uwaambie kwa nini. Mimi siwezi."

Bosi akainuka. Nyumba ya kwanza alibisha taratibu, akimwomba Mungu wasiwepo. Mlango ulifunguliwa na binti mdogo anayekwenda kuanza darasa la kwanza. Alipoona ni mtoto wa mama mshonaji, aliruka juu kwa furaha, akageuka na kukimbilia ndani.

"Mama! Mama! Sare yangu imekuja!"