Nilifeli Fizikia India, nyumbani Nyamira wakachinja dume

Wakuu, salamu kutoka Nyamira.

Nimepita miaka tisini na hii natype mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hivyo makosa ya herufi mnisamehe. Uongo hamtaupata. Wote waliohusika wameshazikwa, sina wa kumpendeza.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilipata nafasi ya chuo kikuu India, kusomea sayansi. Kijijini kwetu hapakuwa na mtu aliyewahi kuvuka bahari.

Mwaka wa kwanza ukaisha, mitihani ikafika.

Ilikuja wakati wa joto. Sisi watu wa milimani tumezoea baridi na mvua ya kila mchana. Kule jasho lilidondoka kwenye karatasi, wino ukasambaa. Ilibidi nifunge leso kwenye kifundo cha mkono ndio niandike.

Paper ya Fizikia ilikuwa na maswali kumi. Juu pameandikwa ujibu sita tu.

Mimi sikusoma maagizo. Shuleni kwetu ulijibu yote. Basi nikajibu yote kumi, mbio mbio, nusu nusu.

Tulipotoka, Omondi, roommate wangu kutoka pande za Homa Bay, akalalamika kwamba kuchagua maswali kulimpotezea muda.

"Kuchagua nini?" nikamuuliza.

Akanionyesha maagizo juu ya karatasi: jibu sita tu.

Matokeo yakatoka. Paper nyingine zote nimepita, Fizikia nimeanguka. Ni ile kitu mnaita sup siku hizi: urudie baada ya miezi mitatu, ukifeli tena unafungasha.

Sasa, kabla sijasafiri, baba yangu, ambaye sisi Wakisii tunamwita tata, aliniagiza nimtumie matokeo kwa telegramu, maana barua ya meli ilichukua wiki nyingi. Nikaenda posta. Karani akakataa Kiswahili, akasema hapitishi lugha asiyoijua. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba nimeanguka somo moja na nitarudia.

Baadaye nikapata barua kutoka nyumbani. Mwalimu wa shule ya kijiji ndiye aliyeiandika, tata akimtajia maneno:

"Tumepata habari kwamba umepita. Tumechinja yule dume mweusi. Mama yako amecheza mpaka mguu ukamuuma siku mbili. Kanisani umetajwa."

Nikaketi kitandani. Nikadhani telegramu yangu imechanganywa na ya mtu mwingine.

Nilimsomea Omondi barua ile.

"Andika leo uwaambie ukweli," akasema.

"Dume ameshaliwa."

"Ndio uandike kabla hawajachinja wa pili."

Alisema kweli. Nilianza barua mara mbili, nikazichana zote. Nikajiambia nikipita ile sup, basi uongo utakuwa umekwisha wenyewe. Wakati ule niliita hiyo bidii. Leo naita woga.

Wenzangu wakaenda likizo, mimi nikabaki na vitabu.

Siku ya kurudia tulikuwa watu tisa kwenye hall ya watu mia mbili. Nilisoma maagizo mara tatu kabla ya kugusa kalamu. Nilipoanza swali la kwanza nikawa namwona mama akicheza. Nikaweka kalamu chini, nikangoja picha ile initoke, ndipo nikaandika.

Nilipita. Si kwa kishindo, lakini nilipita.

Nyumbani sikuandika. Ningewaambia nini? Wao walishajua.

Nilimaliza degree nikarudi. Hapo ndipo nikafuata mambo ya ile telegramu.

Tata alikuwa ameichukua posta ya Kisii mjini, kisha akaipeleka duka la karibu, la Mzee Hamisi, Mwislamu wa mjini aliyeuza vitambaa na mafuta ya taa. Watu wote wasiojua kusoma walimpelekea barua zao. Tata aliporudi Nyamira kwa miguu, karatasi ikalowa mvua ikaharibika, kwa hivyo mwalimu hakuiona.

Nikaenda dukani. Nikamuuliza Mzee Hamisi mbona alisema nimepita.

Alivua kofia, akaishika mikononi.

"Mwanangu, mimi nasoma Kiswahili. Kiingereza sijui. Duka lilikuwa limejaa watu siku ile. Baba yako ananitazama, na wao wananitazama. Nikaona aibu. Nikasema amepita."

"Na kama ile telegramu ingesema nimekufa?"

Akarudisha kofia kichwani, akaanza kukunja vitambaa.

Kesho yake nikamweleza tata kila kitu, tukiwa kwenye migomba. Aliendelea kukata majani makavu.

"Huo mtihani wa pili, ulipita?"

"Nilipita, tata."

Akakata majani mengine kidogo.

"Watu bado wanampelekea Hamisi barua?"

"Wengi."

"Basi kabla serikali haijakupa kazi, siku za soko uende ukae pale uwasomee. Mimi nilipoteza dume tu."

Nikaenda. Mzee Hamisi mwenyewe alinitolea kiti, akawaambia watu kwamba macho yake yamechoka, wamwone huyu kijana aliyetoka India. Sikumwaibisha.

Siku ya kwanza alikuja mama mmoja wa Mosocho na telegramu ya Kiingereza. Ilitoka kwenye mashamba ya chai Kericho. Mwanawe alikuwa amefariki. Watu walikuwa wamejaa, na mama ananitazama usoni, anatabasamu.

Nilimwomba tuingie ndani ya duka. Nikamsomea kama ilivyoandikwa.

Mpaka leo sijafanya mtihani mgumu kama ule, na nimefanya mingi.

Nilichojifunza ni kwamba habari ya mtu ni yake. Iwe tamu iwe chungu, mpe mwenyewe. Usimpunguzie, na kama hujui, sema hujui.

Wakuu, kama wewe pia uliwahi kusherehekewa kwa jambo ulilofeli, tuambie hapa ulimalizaje. Nitasoma polepole, lakini nitasoma zote.