Kitufe cha Katikati cha Verlin Stroud

Verlin Stroud ana miaka sitini na tatu, ng'ombe mia na ishirini, na maoni kuhusu kila kitu. Pikapu yake ya petroli ilianza kugonga wiki moja kabla ya kumpeleka fahali wake kwenye mashindano ya mifugo huko Nebraska. Akafanya anachofanya kila mwanamume wa Medlin, Wyoming: akaipeleka kwenye kahawa.

Kahawa ni kaunta ya viti sita ndani ya kituo pekee cha mafuta mjini, na dirisha lake linatazama pampu. Wanaume hukaa pale toka saa kumi na moja alfajiri. Hakuna fundi hata mmoja. Walitoka na vikombe vyao, wakafungua boneti, na Orrin Tveit akaegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, mpini sikioni, kama daktari.

"Beringi zimekufa," akasema.

"Umesikia nini?" Verlin akauliza.

"Sijasikia kitu. Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Kila mmoja akachangia chupa ya dawa ya injini aliyokuwa nayo garini. Verlin akazimimina zote. Pikapu ikaendelea: ikisimama, kimya, ikipanda mlima na trela, krr-krr, kama kokoto kwenye kopo. Orrin akamshauri aiuze chuma chakavu. Sasa fahali yule kalelewa miaka minne kwa ajili ya siku hiyo moja, na Verlin hana gari lingine la kumvuta.

Mkewe, Nadine, akachoka. "Mpelekee Darlene."

"Darlene ni mtoto. Ana miaka thelathini na mbili."

"Orrin ana sabini na mbili, na hajawahi kufungua kitu kigumu kuliko bia."

Darlene Yost ndiye fundi wetu, na hana muda wa hadithi. Alitazama geji ya oili injini ikiwa moto: sawa. Akafunga trela, akamwambia Verlin apande mlima wa makaburini, yeye kakaa pembeni akisikiliza.

"Beringi zikifa, Mzee Verlin, injini inagonga hata ukiwa umesimama, na geji inashuka," akasema. "Hii inalia ikibeba mzigo tu. Petroli inawaka kabla ya wakati wake. Unaweka ya okteni ngapi?"

"Themanini na tano, ile ya bei ya chini. Kama baba yangu."

"Gari la baba yako lilikuwa na kabureta. Kitabu cha hili kimeandika themanini na saba. Umekisoma?"

"Kitabu kimeandikwa na watu wa bondeni. Huku juu hewa ni nyepesi, themanini na tano inatosha."

"Hewa nyepesi, mzigo mzito," Darlene akasema, akageukia zana zake.

Alibadilisha plagi, zilikuwa zimelika vibaya, akasafisha masizi juu ya pistoni. Kelele ikapungua nusu. "Hiyo nusu nyingine iko kwenye tangi," akasema. "Nimelikausha, nimebakiza ya kukufikisha pampuni tu. Ukajaze mwenyewe."

Hapo ndipo jasho lilipomtoka Verlin. Themanini na saba hapa ni kitufe cha katikati kati ya vitatu vya pampu, ghali kuliko cha kwanza, na kitufe cha katikati hubonyezwa na wageni kutoka California. Nani kasema hivyo kwenye ukurasa wa mji mtandaoni, kwa herufi kubwa, mara tatu? Verlin Stroud.

Ijumaa asubuhi akasimama pampuni, fahali kwenye trela, nyuso sita dirishani. Akasoma onyo la kutovuta sigara. Akalisoma tena. Halafu akabonyeza.

Orrin akatoka na kikombe. "Umekosea kitufe, kaka."

"Sijakosea."

"Ooh. Unahamia California lini?"

"Nikimshusha ng'ombe." Sikio lake lilikuwa jekundu, lakini hakuachia mpini wa pampu. "Orrin, kitabu cha gari lako umekisoma?"

"Mimi sina shida ya kusoma."

"Najua. Hujawahi kujaribu."

Akajaza mpaka juu. Saa nne akampigia Darlene akiwa upande wa pili wa mlima mkubwa.

"Imepanda," akasema. "Kimya."

"Najua. Ingegonga ungeshanipigia saa tatu."

"Usimwambie mtu nimekupigia."

"Mzee Verlin, uko kwenye spika. Nadine yuko hapa, kaleta gari lake libadilishwe oili."