Kijana Aliyepimwa Suti

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ni fundi cherehani, na hajawahi kusikiliza taarifa ya habari akanyamaza. Redio iko juu ya kabati la vitambaa, naye hubishana nayo huku mguu ukiendelea kukanyaga mashine. Wiki ile ya maandamano ya bei ya umeme ndiyo alibishana nayo zaidi. Asubuhi alisema vijana wana haki, nani asiyeumizwa na umeme? Mchana, barabara ilipofungwa na wateja wakakosa kuja, alisema ni wahuni watupu. Mimi niliyejifunza ufundi kwake, na sasa nafanya kazi naye, nilimwuliza yuko upande gani hasa. Akanitolea macho.

"Niko upande wa cherehani."

Siku yenyewe nilikuwa napiga pasi. Tukasikia mayowe, kisha milango ya maduka ikaanza kufungwa kwa kishindo, mmoja baada ya mwingine. Kabla hatujafunga wa kwetu, kijana mrefu aliingia mbio, akasimama katikati ya chumba. Alitutazama tu.

Shangazi aliinuka kwenye mashine. Alichukua koti la suti ya mteja, bado lina nyuzi za kushikizia, akamvalisha. Akavua ile futi ya kitambaa anayoivaa shingoni kama mkufu, akamzungushia kifuani.

"Inua mikono."

Kijana akainua. Hapohapo polisi wawili wakatokea mlangoni.

"Huyu nani?"

"Mteja."

"Mbona anahema?"

"Anaoa Jumamosi, na suti ndiyo hii. Mngemjua mama mkwe wake, mngehema nyinyi."

Mmoja alicheka. Mwenzake hakucheka, lakini alizitazama zile nyuzi, akatutazama na sisi, wakaondoka. Kijana naye alivua koti, akasema "asante mama" kwa sauti ndogo isiyolingana na urefu wake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Shangazi alikaa chini. "Moyo wake ulikuwa unaipiga futi," aliniambia. "Niliusikia vidoleni."

Mtaa ulipotulia ndipo tukapata habari. Mzee wa magazeti, ambaye kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, na ambaye kila asubuhi humwachia shangazi asome bure bila kukunja kurasa, alikuwa amepigwa kipande cha tofali usoni. Walimkimbiza hospitali. Jicho moja lilikuwa hatarini.

Shangazi alinivuta kwenye kona, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Uliiona mikono yake?"

"Ya nani?"

"Ya yule. Alipoiinua. Ilikuwa na vumbi jekundu, kama la tofali."

"Labda alianguka."

"Alisema alianguka?"

"Hakusema."

Jioni baba alipopitia dukani tukamsimulia, naye alikuwa na jibu tayari. "Dada, umemficha mtu aliyempasua mzee wa watu jicho."

"Umejuaje?"

"Redio imesema ni vijana."

"Redio hiyohiyo jana ilisema hakuna maandamano!"

Nikawaonyesha video kwenye simu: polisi wanaokota mawe, wanayarudisha yalikotoka. Shangazi akapumua. Kisha ikaja video nyingine, mtaa uleule, vijana wanavunja ukuta wa matofali kwa mateke. Akairudia mara nyingi, akiwakazia macho, akimtafuta wake. Wote walikuwa warefu.

Wiki hiyo alikata mikono miwili ya kushoto kwa gauni moja. Akiambiwa wana haki, anakasirika. Akiambiwa ni wahuni, anakasirika vilevile. Redio akaizima, na mimi kwa mara ya kwanza nikasikia jinsi duka letu lilivyo kimya.

Mwishowe alinishika mkono twende hospitali. Mzee alikuwa ameketi kitandani, nusu ya uso imefungwa bandeji.

"Sikumwona aliyerusha," alisema kabla hajaulizwa. "Niliona magazeti yanaruka, nikayashika."

"Mimi nilimficha mmoja wao," shangazi akasema. "Nilimdanganyia polisi. Sijui kama ndiye."

Mzee aliigusa bandeji yake.

"Na kama ungejua ndiye?"

"Sijui pia. Alikuwa anatetemeka."

"Hata mimi nilitetemeka, mama." Akageukia ukutani. "Leo kichwa kinaniuma, siwezi kujua kama nimekukasirikia. Njoo siku nyingine nitakuambia."

Shangazi alikwenda siku nyingine, na nyingine tena. Hakuambiwa. Mzee alimpa gazeti amsomee, na habari mbaya zikifika alimwambia, "Ruka." Alirudi kibandani jicho moja likiwa na ukungu usiotoka.

Halafu asubuhi moja, barabara imejaa watu, yule kijana mrefu akapita mbele ya duka na kumwamkia shangazi. Futi ilimponyoka. Alitoka nje bila kuvaa viatu.

"Siku ile. Ulirusha?"

Kijana alitazama huku na huku. "Mama, siku ile kila mtu alirusha."

"Nakuuliza wewe."

"Nilirusha." Akaitazama mikono yake. "Kipande kimoja. Sikuona kimeangukia wapi. Nimejaribu kukumbuka, sikumbuki."

Nilidhani atamzaba kofi. Nilidhani pia atamkumbatia. Alinyanyua mkono, ukabaki hewani. Kisha akaelekeza kidole kibandani.

"Nenda kamwambie yule hayo uliyoniambia. Hivyohivyo, usiongeze."

Nilijua atatoroka. Hakutoroka. Alivuka barabara taratibu, akasimama mbele ya mzee, akaanza kusema. Lori likapita, tukawapoteza. Lilipoondoka, kijana alikuwa amekaa kwenye kreti, kichwa chini, na mzee anazungumza huku anapanga magazeti yake bila kumtazama.

"Anamwambia nini?" shangazi akaniuliza.

"Sisikii."

"Anamsamehe au anamtukana?"

"Shangazi, sisikii."

Tulisimama pale mlangoni hadi mteja akatupigia hodi kwenye mlango wa nyuma, akiuliza kama duka limefunguliwa. Shangazi alimgeukia, akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu.

"Sijui," alisema. "Ingia tu."