Mkono wa Kimono Uliokataa Kuchanika

Thaddée ni Mrundi wa Ngozi, mwalimu wa judo, na kwa miaka tisa amekuwa jirani yangu hapa Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Mimi ni Appolinaire, Mkongo wa Uvira, fundi cherehani. Kazi niliyoishona vizuri kuliko zote maishani ndiyo iliyomponza, na nalisema mapema ili nisionekane ninalificha.

Watu walimwita Maître, yaani mwalimu. Alifundisha nyuma ya kanisa, juu ya magunia yaliyojazwa maganda ya maharage, maana mikeka halisi ya judo tuliiona kwenye simu tu. Mvua ikinyesha maganda yaliota ukungu, na wanafunzi wake walinuka mpaka misani. Nilimtania sana. Nilimwuliza kuna faida gani kumfundisha mtu mwenye njaa kuangusha wenzake. Akanijibu kwamba judo haianzi na kuangusha, inaanza na kusalimu. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuinama. Ukimbwaga mwenzako mgongo chini sawasawa, mchezo umekwisha: unamwachia, unanyoosha kimono, lile vazi la judo, unainama. Alilirudia hilo kila siku ya Mungu kwa miaka thelathini.

Mwaka jana mgao wa chakula ulipunguzwa, na jina lake likatoka kabisa kwenye orodha. Shamba lake ni mawe matupu. Mkewe, Pascasie, alikuwa akichemsha majani ya maharage, maharage yenyewe hayapo. Ndipo habari ikaja kutoka Mbarara. Mwenye ukumbi mmoja wa mazoezi, mwenye kundi la jujitsu, alikuwa amemwona Thaddée kwenye video. Akaahidi hivi: Thaddée apambane na Rwakabuba, mwalimu wa jujitsu wa ukumbi huo. Akishinda, ukumbi utaanzisha darasa la judo, yeye awe mwalimu, na apewe chumba cha kuishi na mkewe. Chumba cha sakafu ya saruji. Pascasie aliuliza mara mbili kama ni saruji kweli.

Nikamshonea kimono kipya kutokana na turubai la hema kuukuu. Kola niliipiga mishono mitano, mikono nikaishona mara tatu tatu.

"Papa Appolinaire, isipasuke mbele ya watu," aliniambia.

"Maître, weye ndiye utapasuka," nikamjibu. "Hii nguo itabakia."

Tulicheka wote wawili. Mungu anisamehe.

Kwa watu wa kambini lilikuwa pambano la kihistoria. Mkimbizi ameitwa Mbarara, si kuhojiwa wala kulazwa, bali kupambana, judo dhidi ya jujitsu, jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliona. Tulikwenda Jumamosi. Pascasie alibaki, tayari ameshafunga sufuria zake kwenye kitenge.

Refa alieleza sheria waziwazi. "Hapa kutupa mutu si mwisho. Mwisho ni mutu kugonga mukeka, amekubali kushindwa, ama mimi nasimamisha." Thaddée aliitikia kwa kichwa. Alizijua sheria hizo, njia nzima alikuwa akinisomea kama katekisimu.

Rwakabuba alikuwa kijana wa shingo nene. Dakika haikupita, Thaddée aligeuka, akambeba mgongoni, akambwaga chali. Akamwachia. Akanyoosha kimono. Akainama.

"Bado, mzee," refa akasema. "Endelea."

Watu wakacheka. Mara ya pili ikawa vilevile, mbwago safi, kisha akaachia, kisha akainama. Nikashindwa kuvumilia.

"Maître, usimuachie! Umukamate pale pale chini!"

Akanigeukia, akaitikia kwa kichwa. Na mara ya tatu akamwachia tena. Mazoea yana taabu: kichwa kilikuwa kimesikia, mwili haukuambiwa. Mikono yake ilikuwa bado kwenye mkanda pale Rwakabuba, akiwa chini, alipoudaka mkono wa kulia wa kimono kwa mikono miwili, akamvuta, akamrushia miguu kifuani. Kiwiko cha rafiki yangu kikanyooshwa juu ya paja la mtu.

Mimi nilikuwa nautazama ule mshono. Niliuomba uchanike. Laiti ungechanika, angechomoa mkono. Nilishona mara tatu, mjinga mimi, kwa uzi wa viatu.

"Mzee, gonga," Rwakabuba alisema. "Mimi sitaki kuvunja."

Thaddée hakugonga. Kiwiko kilialika kama ukuni, na refa akasimamisha.

Hospitalini nilimwuliza kwa nini, kwa hasira ambayo haijanitoka hadi leo.

"Nimeshamwangusha mara tatu," akasema. "Ningegonga kwa nini?"

Mfupa uliunga vibaya. Mkono haunyooki, wala haunyanyui jembe. Pascasie alifungua sufuria zake, sasa analimia watu wengine. Wanafunzi walitawanyika, na magunia yakachukuliwa ya kutilia mkaa.

Baada ya miezi mitatu Rwakabuba akaja na boda, amebeba mkungu wa ndizi za matoke. Alitukuta kibandani kwangu. Alikaa akitazama viatu vyake.

"Mzee, bosi amefungua ile klasi ya judo. Watu ilipenda ile kutupa yako. Sasa mimi ndiyo nafundisha, lakini mimi sijui. Naomba unifundishe ile moja tu."

Pasi yangu ilikuwa ya moto mezani, na nakiri niliitazama. Pascasie alisimama, akaondoka.

"Kule darasani mnaanza na kusalimu?" Thaddée akamwuliza.

"Hapana, mzee."

"Basi tuanzie hapo."

Mkono wake haukuweza kuonyesha, kwa hiyo mwili wa kuangushwa ukawa wangu, mimi mzee wa miaka sitini. Alimpanga Rwakabuba kwa maneno: mguu hapa, kunja goti, kiuno chini ya kiuno cha fundi. Mara ya kwanza niliangukia ubavu, mara ya pili kiwiko. Mara ya tatu nilipaa, nikaliona bati la nyumba yangu, nikatua chali juu ya udongo na pumzi zote zikanitoka. Rwakabuba akaniachia, akanyoosha shati, akainama.

Thaddée alitazama hadi mwisho. Akamwambia ni sawa, sasa anaweza kurudi Mbarara akafundishe.

Jioni Pascasie alizimenya zile ndizi, tukala.