Ukurasa wa Siku Saba

Mjukuu wangu anatembea na maktaba nzima ndani ya simu, na ananicheka kwa kukitunza kitabu kimoja kilichochakaa. "Babu, hiki kimo humu, tena bure!" Sibishani naye. Niliwahi kubishana na nakala miaka ya sabini, nikashindwa.

Wakati huo nilikuwa kwenye kisomo cha jioni Mlandege, na mwenye kitabu cha kilimo cha mahindi darasa zima, nadhani Iringa nzima, nilikuwa mimi. Nilikinunua sokoni Mbeya. Watu walikuja kukisoma nyumbani kwangu, wananawa mikono kwanza, nami natembea kama mkuu wa mkoa. Tatizo ni kwamba ukurasa wa kuloweka mbegu ulikuwa umechanika wote. Kwa aibu nikauandika mwenyewe kwa kalamu, nikaubandika kwa uji. Mbegu zilowekwe siku saba, niliandika. Saba ilisikika kisomi.

Basi mwalimu akakiazima, karani akakipiga chote taipu kwenye stensili, mashine ikatema nakala za darasa zima. Kitabu kikarudi, wageni hawakurudi. Kwenye nakala hizo ukurasa wangu sasa ulikuwa na herufi za mashine kama kurasa nyingine, na mimi kwa haya nikanyamaza.

Mvua za kwanza zilipoanza nikapita kwa mama mmoja mjane tuliyekaa naye dawati moja. Mbegu zake zote za mwaka zilikuwa majini, ndoo mbili.

"Kamwene, mama. Tangu lini hizi?"

"Juzi. Bado siku tano."

Nilikimbilia kitabu kwa mbio ambazo hata swala wa Ruaha angeniamkia shikamoo.

"Mama, zitoe! Huo ukurasa niliutunga mimi. Tazama, mwandiko wangu huu."

Akatazama kitabu, akatazama karatasi zake za nakala.

"Mwanangu, chako kimeandikwa kwa mkono. Hiki kimepigwa na mashine."

"Lakini kimetolewa humu humu!"

"Ndiyo, na walipokitoa wakakusahihisha. Una wivu tu kwa kuwa siku hizi hatuji kwako."

Nikaapa. Nikapiga magoti kwenye tope. Yeye akazifunika ndoo.

"Wewe na chumvi zako! Si wewe uliyempiga simba kofi kule Idodi?"

Siku ya saba harufu ilinipokea njiani. Ndoo zote mbili zilikuwa zimechacha, povu juu. Hakulia. Alizichota mbegu kwa kiganja, akaziachia zidondoke, akazichota tena.

Nilimletea mbegu zetu za akiba, zote tulizokuwa nazo. Alizipokea kwa mikono miwili, akanishukuru sana. Kisha akafungua zile karatasi, kidole chake kikafuata mstari polepole.

"Na hizi nazo siku saba," akaniuliza, "au mara ile nilikosea kuhesabu?"